Blauzi ya mapokezi

Leo nimepita tena mbele ya ile hoteli. Miaka sita imepita, na bado nikifika pale nageuza uso upande wa bahari.

Nilikuwa nimeitwa kwa kazi ya mapokezi. Kiitaliano nakijua tangu utotoni. Hapa Malindi mtoto aliyekulia karibu na ufuo hukiokota kama aokotavyo kauri. Vyeti nikavitia kwenye bahasha mpya. Yule mama aliyenisaili hakuifungua. Alikwenda kabatini, akatoa blauzi ya sare, akaniwekea kifuani kama fundi cherehani. Vifungo viwili havikufikia matundu yake. "Dada, mapokezi ndiyo sura ya hoteli," akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Akanipa kazi ya dobi, nyuma kule, kwa shilingi 18,000. Mapokezi walikuwa wakilipwa 26,000. Nikakubali. Kulikuwa na karo ya wadogo zangu.

Jioni hiyo mamangu alinipokea mlangoni: "Mashaallah, mwanangu, umenawiri!" Kwetu ukinenepa ni habari njema, ukikonda ndipo watu wauliza una nini. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kunawiri huko ndiko kulikoniweka dobini.

Baadaye nilisoma utafiti wa John Cawley, mwanauchumi wa Marekani, wa mwaka 2004. Kwa wanawake weupe wa huko, ongezeko la kama kilo 30 lilikwenda pamoja na mshahara pungufu kwa asilimia 9, sawa na kupoteza uzoefu wa kazi wa miaka 3. Hapo kwenye miaka 3 nikasita. Ndiyo niliyokaa dobini. Na mimi hakuna aliyenikata hata senti. Niliwekwa tu kwenye chumba ambacho mshahara wake ni mdogo. Kwa macho yangu hivyo ndivyo wengi wetu hukatwa, na hakuna karatasi ya malipo itakayoonyesha.

Wanaume hesabu yao ni nyingine. Timothy Judge na Daniel Cable walionyesha mwaka 2011, kwa takwimu za Ujerumani na Marekani, kwamba mshahara wa mwanamume hupanda pamoja na uzito mpaka unene uzidi kiasi, ilhali wa mwanamke huanza kushuka tangu akiwa mwembamba. Binamu yangu ni dereva wa watalii. Tangu aote kitambi, vijana wa stendi wanamwita bosi.

Ila utafiti ulionikaa rohoni ni wa jirani hapa, Kampala. Elisa Macchi aliwaonyesha maafisa wa mikopo picha za watu, akazibadilisha kwa kompyuta, mtu yuleyule mara mnene, mara mwembamba. Wanene walionekana wana mali, wakastahili zaidi mkopo. Maafisa walipopewa habari zaidi za kipato cha mwombaji, upendeleo ule ukapungua sana. Kwa hiyo Kampala mwili wangu ungenifungulia mlango, Malindi ukanifungia, na kote mwenye kuamua amesoma mwili kwa sababu hakusoma kitu kingine. Hili linanikera mpaka leo. Kiitaliano changu hakikuulizwa.

Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya Kenya kinakataza ubaguzi kwa orodha ndefu: jinsia, rangi, umri, ulemavu, hata mavazi. Uzito haukutajwa. Jimbo la Michigan, huko Marekani, limeuweka kwenye sheria yake ya kupinga ubaguzi tangu 1976.

Mwaka wangu wa mwisho pale, mgeni mmoja kutoka Italia alifika mapokezi akilia, mkoba wake wa dawa umepotea, na zamu ile hakuna aliyemwelewa. Wakaniita. Nikaja na aprona iliyolowa, nikasimama nyuma ya ile meza, nikamsikiliza, nikapiga simu kwa dereva aliyemleta, mkoba ukapatikana chini ya kiti. Mama yule wa usaili alikuwepo. Akanishukuru, kisha akaniambia shuka za ghorofani bado zinasubiri.

Bahasha ninayo. Mpaka leo hakuna aliyeifungua ila mimi.