Cheti cha kuzaliwa cha mwalimu

Ajira za walimu zilipotangazwa mwaka 2020, kijana Mhadzabe, wa kabila dogo la wawindaji na warina asali wa kando ya Ziwa Eyasi, niliyemfundisha chuo cha ualimu alinipigia simu akiwa kwenye stationery moja Mbulu mjini. Mfumo wa maombi wa TAMISEMI, ofisi ya serikali iliyokuwa ikiajiri walimu, ulidai apakie cheti cha kuzaliwa, naye hakuwahi kuwa nacho.

"Madam, naona niache tu."

"Usiache, baba. Mlete mama yako, tukutane ofisi ya Mkuu wa Wilaya."

Wahadzabe wote ni takriban 1,300, na waliofika chuo cha ualimu ni wa kuhesabu. Muda wote wa mafunzo yake tulihangaikia ada, nauli, hata mahali pa kukaa likizo mvua zikikata njia ya kwao, bonde la Yaeda. Nilimkagua kwenye mazoezi ya kufundisha, akifundisha kugawanya darasa la tatu. Ubao umepangwa, andalio la somo limejazwa hadi sehemu ya tathmini, na yule mtoto aliyejificha nyuma akaitwa kwa jina lake, taratibu, mpaka akasimama na kujibu. Mwalimu wa namna hiyo apotee kwa karatasi moja? Nisingekubali.

Mama alifika kwa bodaboda, shanga shingoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Msajili akauliza tarehe ya kuzaliwa. Mama akajibu bila kusita: alimzaa porini, zile mvua kubwa zilipokuwa zinaisha, Ziwa Eyasi limejaa, msimu wa asali bado. Nikaelewa ni El Niño, kwa hiyo ni mwaka 1998. Lakini rejista ya shule ya msingi iliandika 1996, mwaka aliokisia mtu siku ya kumwandikisha. Msajili, kwa upole kabisa, akasema kumbukumbu zote lazima zifanane. Basi ikaandikwa 1996. Mama aliyemzaa alitazama kalamu ikipita, akanyamaza. Mpaka leo linaniuma.

Ikabaki barua ya mtendaji wa kijiji. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya pamoja ya ardhi yao. Ardhi ina karatasi, mtoto aliyezaliwa juu yake hana. Nilimwambia hivyo mtendaji kwenye simu, na jioni ile ile barua ikapanda na bodaboda.

Cheti kilitoka kabla dirisha la maombi halijafungwa. Orodha ya kwanza jina lake halikuwemo. Akajitolea kufundisha shule ya kijijini, wazazi wakimchangia mahindi, hadi akapangiwa kituo mwaka uliofuata. Siku aliyoripoti kazini alinipigia tena. Nilidhani anataka kunieleza habari za nyumba au mshahara.

"Madam, kuna binti wa kwetu yuko kidato cha pili, anautaka ualimu. Hana cheti cha kuzaliwa. Tuanze sasa?"

Nikamwambia anitajie jina la shule ya msingi aliyosoma binti huyo, na aende akaangalie rejista imeandika mwaka gani.