Parafujo Mbili Zilizolegea, Rawlins

Nilikwenda Wyoming, Marekani, kuwinda pronghorn, mnyama wa nyika anayefanana na swala. Kutoka Denver hadi Rawlins ni kama saa nne, na ukishapita Laramie upepo unalisukuma gari mpaka mikono inachoka. Bunduki yangu, ya risasi aina ya 6.5 Creedmoor, ilikuwa ndani ya kasha gumu, bila risasi. Kabla ya kuondoka ilipiga risasi tatu ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100. Siku mbili kabla ya msimu wa kuwinda, kwenye uwanja wa shabaha, risasi ya kwanza ilikwenda inchi sita kulia. Ya pili ikapanda inchi nne. Ya tatu haikugusa karatasi.

Hapa wengi huanza kuzungusha vifundo vya darubini. Kila mbofyo ni robo inchi kwa yadi 100, basi inchi sita ni mibofyo 24. Hesabu hiyo inafaa pale tu risasi tatu zinapokaa pamoja mahali pasipo pake. Zikitawanyika, kuna kitu kimelegea, na kila mbofyo unaongeza uharibifu. Nilishika darubini nikaitikisa: ikacheza. Parafujo mbili za kitako cha darubini, kile kipande kinachoishikiza kwenye bunduki, zile zilizofichwa chini ya pete zinazoshika bomba lake, zilikuwa zimeachia. Zilifungwa zikiwa na mafuta ya kiwandani, na kilomita za changarawe zikamaliza kazi.

Dawa yake ni kufungua vyote, kufuta nyuzi za parafujo kwa spiriti, kutia tone la gundi ya bluu, ile ya kuzuia parafujo zisilegee, kwenye za kitako tu, kisha kukaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Parafujo za pete zangu zinataka pauni-inchi 18. Ukizidisha, unabana bomba la darubini. Gundi iliachwa usiku kucha. Asubuhi nilipiga tena, nikiacha mtutu upoe kila baada ya risasi tatu, mpaka zikakaa inchi mbili juu kwa yadi 100, ambayo kwa risasi yangu ni sawa na katikati kwa yadi 200. Boksi mbili zilikwisha, na boksi moja la risasi 20 ni zaidi ya dola 40. Inauma.

Leseni ya kuwinda nayo inauma. Kwa asiye mkazi, dume ni zaidi ya dola 300, tena kwa bahati nasibu ambayo maombi yake hufungwa mwanzoni mwa Juni. Ya jike ni sehemu ndogo tu ya hiyo, na anayeanza naona achukue jike.

Ramani isomwe mapema. Kandokando ya reli ardhi imegawanywa kama ubao wa drafti, maili moja ya umma, maili moja ya mtu binafsi, tangu serikali ilipoigawia kampuni ya reli katika karne ya 19. Pakua ramani kwenye simu kabla mtandao haujakata. Beba glavu za ngozi na vikinga magoti, maana utatambaa juu ya mipungate. Vaa kizibao cha rangi ya chungwa kali; sheria inadai angalau vazi moja la rangi hiyo au ya waridi kali. Upepo wa maili 10 kwa saa unahamisha risasi hii karibu inchi sita kwa yadi 300, na Rawlins upepo huo ni wa kawaida, kwa hiyo sikukubali kupita yadi 250.

Siku ya kuwinda ilikuwa fupi: jike, yadi 180, saa mbili asubuhi. Kuponi ya leseni hukatwa na kufungwa kwenye mnyama kabla hujaondoka hapo. Kisha kuchuna papo hapo, kwa sababu ngozi yenye manyoya yale mazito hushika joto, na nyama ya mnyama huyu ikipata joto ndipo watu husema ni chungu. Mifuko ya kitambaa, deli lenye barafu, tundu lake la kutolea maji likiwa wazi ili nyama isiloe.

Wenyeji humwita pronghorn swala, lakini si swala. Ndugu zake wa karibu zaidi walio hai ni twiga na okapi. Nilikaa na hilo njia nzima ya kurudi. Kwetu Tanzania twiga ni alama ya taifa, na kumuua ni kesi nzito. Nilipopita Laramie nilisimama kununua barafu nyingine, nikafungua deli na kushika paja: baridi mpaka kwenye mfupa.