Herufi Ubavuni mwa Ndege

Nilikuwa na umri wa miaka 11 mwishoni mwa Januari 1977, asubuhi baba aliponishika mkono akaniingiza kwenye karakana ya ndege ya Embakasi, Nairobi, mahali ambapo siku za kawaida mtoto hakuruhusiwa hata kuchungulia. Baba, mzaliwa wa Tanga, alikuwa fundi wa injini wa East African Airways, na kwetu ngurumo za Super VC10, ndege zake kubwa za jeti, ndizo zilizokuwa saa ya ukutani. Juma lile zilikuwa zimenyamaza.

Shirika lilianza mwaka 1946 na Dragon Rapide, ndege ndogo zilizoendeshwa kwa rafadha, likafikia kurusha ndege za jeti za Comet mwaka 1960 na Super VC10 kuanzia 1966. Lilikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, ila kila ndege ilisajiliwa katika nchi mojawapo na kubeba alama yake: 5Y Kenya, 5X Uganda, 5H Tanzania. Mafundi hawakuzijali herufi hizo hadi serikali tatu zilipovutana juu ya michango na madeni, fedha zikakwama, na kila upande ukaanza kuhesabu kilicho chake.

Tarehe 4 Februari Kenya Airways, shirika jipya la Kenya peke yake, ilianza safari zake, na mwanzoni mwa mwezi huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ambao haukufunguliwa hadi 1983. Sisi tulikuwa tumevuka mpaka wa Namanga kurudi Tanzania siku chache kabla. Super VC10 zote nne zilizosalia zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kijeshi za kujazia nyingine mafuta angani. Mojawapo, 5H-MOG, VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, iliruka hadi mwaka 2013, na hilo hunionyesha jinsi ndege zetu zilivyokuwa bado nzima tulipozipoteza.

Asubuhi ile mimi niliona moja tu, yenye herufi 5H ubavuni. Chini ya mkia wake walisimama wenzake baba wawili, Mkenya na Mganda. Yule Mkenya akauliza taratibu, “Ndugu yangu, sasa hii mtaondoka nayo?” Baba hakujibu. Alichukua ngazi, akapanda kukagua vifuniko vya injini zote nne, ndege wa porini wasije wakajenga viota ndani, ingawa hakuna aliyemwagiza. Yule Mganda alimshikia ngazi mpaka alipomaliza.