Bluzi kwa mkono wa benga

Ukisema hapa Kisumu kwamba unajifunza gitaa, swali linalofuata ni moja tu: la kanisani au la benga, muziki wa Waluo? Ukijibu kwamba ni la bluzi (blues ya Wamarekani weusi) na roki, watu hunyamaza kidogo, halafu huuliza kama kuna pesa. Hakuna. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule Kibuye, na gitaa langu la umeme nililinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa akihama Milimani.

Anayenifundisha ni mzee jirani yetu hapa ploti, Manyatta. Ujanani alipiga gitaa la solo kwenye bendi za benga, enzi ambazo marehemu D. O. Misiani na Shirati Jazz walikuwa hawakamatiki. Bluzi hakuwahi kuipiga, lakini masikio yake hayadanganyiki. Mimi naleta wimbo kwenye simu, yeye anausikiliza huku amefumba macho, anaitafuta sauti kwenye waya, kisha ananipa gitaa: "Haya, nyathina (mwanangu), piga."

Muundo wenyewe wa bluzi ni mfupi. Ni vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Ukiwa kwenye A (A, D na E ni kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja), unakaa A vipimo vinne, unakwenda D viwili, unarudi A viwili, kisha E kimoja, D kimoja, na kumalizia A viwili. Basi, unaanza tena. Mzee aliposikia alicheka: "Kodi ni zile zile tatu!" Ni kweli, benga nayo inazungukia hizo hizo. Tofauti ni kwamba kwenye bluzi kila kodi huongezewa sauti ya saba, A7, D7, E7, kwa hiyo hata ukifika nyumbani kwenye A unahisi kuna jambo halijaisha. Mimi hapo ndipo nilipoipendea.

Kinachosumbua mtu aliyelelewa na benga ni mwendo. Benga inakimbia, noti zimegawanywa sawasawa, vidole viko juu shingoni mwa gitaa vikijibizana na gitaa la pili. Bluzi nyingi hugawa pigo moja mara tatu, unapiga ya kwanza na ya tatu, ya katikati unaiacha ipite, na wimbo unatembea kama mtu anayechechemea kwa makusudi. Jaribu hivi: acha waya wa tano wazi (hesabu kuanzia ule mwembamba kabisa), bonyeza wa nne kwenye freti ya pili (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa), piga zote mbili pamoja mara mbili, kisha sogeza kidole cha pete hadi freti ya nne, mara mbili, rudi. Hiyo ndiyo injini ya bluzi ya Chicago, na mwanamuziki Mmarekani Chuck Berry alipoinyoosha na kuitia kasi watu wakaiita roki. Mimi huanza na mguu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo mguu wangu una nidhamu kuliko vidole. Mzee naye hakushangaa, maana mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye chombo anapopiga nyuzi zake nane. Kwake yeye, mpigaji asiyetumia mguu bado hajaanza kupiga.

Sasa waya wa kuvuta. Hili ndilo litakalokutoa jasho, na ndilo lenye utamu wote. Kwenye A, weka kidole cha pete kwenye waya wa tatu, freti ya saba. Hiyo ni D. Lakini kabla ya kuvuta, piga kwanza freti ya tisa, ambayo ni E, uisikie vizuri, uiimbe kwa mdomo. Rudi ya saba, panga kidole cha kati na cha shahada nyuma ya kile cha pete visaidie, halafu zungusha kiganja mpaka D ipande kuwa E ile ile uliyoiimba. Nguvu inatoka kwenye kiganja. Kidole peke yake kitauma na sauti itabaki njiani. Kuna nyingine ya hila zaidi: waya huo huo, freti ya tano, unaisukuma kidogo sana, isifike freti ya sita. Piano haina sauti hiyo. Mzee alipoisikia alisema ndiyo sauti ya mtu anayeomboleza matangani, na akataka nirudie.

Nyuzi nene zinakuonea bure. Mimi natumia za namba tisa, yaani waya wa kwanza una unene wa inchi 0.009. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani huko Birmingham akiwa kijana; akajitengenezea vikofia vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba na baadaye kuzilegeza, na roki nzito ikazaliwa humo. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba nyembamba ni za waoga. Ila joto la Kisumu na jasho huzila haraka. Nazifuta kwa kipande cha fulana ya pamba kila nikimaliza, na vipande sina shida navyo. Stima ikipotea naendelea bila ampu, ile spika ya gitaa, na majirani wanashukuru.

Wa kusikiliza kwanza, kwa maoni yangu, ni B. B. King, mwimbaji na mpiga gitaa la bluzi wa Marekani. Tafuta video zake za tamasha la Kinshasa, Septemba 1974, lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la ngumi la Ali na Foreman. Mtazame mdomo na mkono: akiimba, gitaa limetulia, akinyamaza, gitaa ndilo linajibu. Hapigi noti nyingi. Vijana wengi wanaojifunza mtandaoni hukimbilia kasi, wanajaza kila kipimo mpaka hakuna pa kupumulia, na mimi siwezi kuwasikiliza dakika mbili.

Wiki hii mzee ametaka kuimba kwa Dholuo juu ya vipimo vyangu 12. Nikamweleza kwamba mashairi ya bluzi kwa kawaida ni mistari mitatu, kila mmoja una vipimo vinne, wa pili unarudia wa kwanza, wa tatu unatoa jibu, na kila mstari uishie mapema ili gitaa liseme. Mistari miwili ya kwanza aliipata papo hapo, inahusu mvuvi wa Dunga aliyerudi na wavu mtupu. Wa tatu ameujaza sifa, kama benga inavyotaka: majina ya marafiki wanne wa Kondele, na shemeji mmoja. Nimemwomba apunguze angalau wawili nipate mahali pa kuvuta waya. Anasema shemeji hatoki.