Green Onions: watu wanne, hakuna mwimbaji

Green Onions, albamu ya kundi la ala Booker T. & the M.G.'s, ilitoka mwaka 1962, Memphis, Marekani, kwenye studio ya kampuni ya rekodi ya Stax iliyokuwa jumba la sinema. Booker T. Jones, mpiga kinanda, alikuwa na miaka 17 tu!

Wimbo uliobeba jina la albamu ni bluzi ya vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Kinanda cha umeme cha Hammond, modeli ya M3 (si B3, kama wengi wanavyodhani), kinaanza noti ya F, kinapanda A flati, kisha B flati. Umbo hilohilo linahamishiwa B flati, baadaye C. Besi ya Lewie Steinberg inafuata njia hiyo hiyo chini yake.

Wanaojaribu kuupiga wimbo huu huharibu palepale: wanajaza nafasi. Sikiliza Steve Cropper anavyochoma noti chache za gitaa kisha ananyamaza, na Al Jackson asivyokimbiza ngoma hata kidogo. Ukiongeza mwendo, uzito wote unapotea.

Kundi hilo ndilo lililowapigia ala waimbaji Otis Redding na Sam & Dave, besi baadaye ikiwa imeshikwa na Donald "Duck" Dunn badala ya Steinberg. Sauti ya soul (muziki wa Wamarekani weusi) ya Memphis imejengwa juu ya ukimya ule.