Nimetembea mwaka mzima, na picha ya titi haikubadilika

Mwaka jana, nilipotimiza miaka 48, nilipigwa picha ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, kwa mara ya kwanza, na mtaalamu aliyenipiga akanigeuzia skrini ili nami nione. Titi langu lilikuwa limetanda weupe mzito kama tui la kwanza, na vipande vichache vyeusi pembeni. “Mama, huo weusi ni mafuta,” akaniambia, “na weupe ni tezi pamoja na nyuzi zinazolishikilia titi.” Wingi wa weupe huo ndio huitwa msongamano wa titi, na katika madaraja manne yanayotumika kuupima, kuanzia A (karibu mafuta matupu) hadi D (weupe mwingi kabisa), mimi nilikuwa C.

Weupe huo una ubaya wa namna mbili. Uvimbe wa saratani nao huonekana mweupe, kwa hiyo hujificha humo humo. Na zaidi ya hapo, wingi wa tishu hizo wenyewe huongeza hatari ya saratani, jambo ambalo John Wolfe, daktari wa picha wa Detroit, alilieleza mwaka 1976. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba wanawake ambao tishu hizo zimejaa robo tatu ya titi au zaidi wana hatari mara nne hadi sita ya wale ambao matiti yao ni karibu mafuta matupu. Tafadhali usome vizuri hapo: wanalinganishwa na kundi la chini kabisa, si na mwanamke yeyote tu wa mtaani.

Nilianza kutembea wiki ileile. Kila alfajiri, baada ya kuswali, hutoka nyumbani Kizingo, hapa Mombasa, hadi kwenye mibuyu ya ufukwe wa Mama Ngina na kurudi, dakika 40 kwa siku tano za wiki, kiasi ambacho kimo ndani ya zile dakika 150 hadi 300 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Niliamini kwamba weupe ule ungepungua kama tumbo linavyopungua. Mwezi uliopita nikapigwa picha nyingine, na jibu likawa C ileile. Niliumia sana.

Daktari alinifafanulia kwa subira, nami nimeendelea kusoma tangu siku hiyo. Tafiti nyingi zilizolinganisha mazoezi na msongamano wa titi hazikuona uhusiano wa maana, kwani sehemu kubwa ya msongamano huo mtu huurithi. Utafiti wa mapacha uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria urithi kuwa zaidi ya asilimia 60. Kuna hata hili lililonishangaza: mwanamke akipungua mwili, mafuta ya titi nayo hupungua, na hivyo uwiano wa weupe unaweza kupanda bila hatari yake kupanda. Pamoja na hayo, wanawake wanaoushughulisha mwili hupata saratani ya matiti kwa uchache kuliko wasioushughulisha, pungufu ya takriban asilimia 10 hadi 20, kwa sababu mazoezi yana njia yake nyingine. Baada ya hedhi kukoma, estrojeni, homoni ya kike inayoweza kuchochea saratani hiyo, hutengenezwa zaidi katika mafuta ya mwili. Anayetembea hupunguza mafuta hayo, na insulini katika damu yake, homoni ya sukari ambayo ikizidi nayo huweza kuchochea uvimbe, hushuka.

Kwa hiyo sikutembea bure. Lakini shoga yangu, ambaye hutembea nami, ameniambia kwamba yeye hahitaji picha kwa kuwa ana mazoezi, na kauli hiyo imenitia wasiwasi kuliko C yangu.

Tangu Septemba 10, 2024, vituo vya mamografia nchini Marekani vinalazimika kumwarifu kila mwanamke kuhusu msongamano wa matiti yake. Ripoti yangu ya kwanza haikutaja jambo hilo hata kwa neno moja. Nisingegeuziwa skrini, nisingejua. Ukipigwa picha, dada yangu, uliza daraja lako kabla hujavaa buibui lako ukatoka.

Alhamisi ninarudi kwa ultrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, ambayo aghalabu huonyesha uvimbe ukiwa mweusi ndani ya tishu nyeupe. Miadi ni saa tatu asubuhi, na wakati huo nitakuwa nimeshatoka Mama Ngina.