Ada ya Godoro Ikatwe Dukani, Si Dampo

Ukimtoza mtu pesa anapoleta godoro kuukuu dampo, usishangae kesho ukilikuta mtaroni. Ada inayodaiwa mwishoni ni rahisi kuikwepa kuliko kuilipa.

Connecticut, Marekani, ilipitisha sheria yake ya kurejeleza magodoro mwaka 2013, na ukusanyaji ukaanza 2015: dola 9 juu ya kila godoro jipya, zimeandikwa wazi kwenye risiti. California ilianza na dola 11. Anayepeleka godoro la zamani kituoni halipi kitu. Fedha hushikwa na shirika la watengenezaji wenyewe, na halmashauri inapumua. Ndiyo, anayelipa hasa ni mnunuzi, tusidanganyane. Ila analipa mara moja, akiwa bado na pochi mkononi.

Kazi yenyewe ya kulichambua godoro kuukuu ni ya mikono. Kisu kinapitishwa kuzunguka mshono wa ukingoni, kisha godoro linachunwa tabaka kwa tabaka: kitambaa, sponji, pamba, hadi ufike kwenye chuma. Chuma huenda kuyeyushwa. Sponji husagwa ikawa tandiko la chini ya zulia, mbao za fremu zikapasuliwa vipande. Linalokera ni godoro la springi za mifuko, kila springi ndani ya mfuko wake na mifuko imegandana kwa gundi. Kuzitoa moja moja kunakula muda, na ukiuza chuma kikiwa na vitambaa, mnunuzi wa chuma chakavu anashusha bei au anakataa kabisa.

Adui mkubwa kuliko gundi ni mvua. Sponji hunywa maji, uzito unapanda, ukungu unaingia, na mzigo unaishia kufukiwa. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine yoyote, nunua kontena lenye paa na mlango. Lori la taka linaloshindilia lisiguse magodoro: springi zikishapondwa na kusokotana na sponji, hakuna fundi wa kuzitenganisha. Godoro lenye kunguni lifungwe kwenye nailoni hukohuko nyumbani, kabla halijapakiwa.

Kasoro ya ada moja kwa wote ni kwamba godoro la mtengenezaji anayelifanya lichunike haraka linatozwa sawa na la anayemwaga gundi. Mimi ningepandisha ya huyu wa pili. Na wauzaji wa mtandaoni watajwe kwenye sheria tangu mwanzo, maana wao wakiachwa, mwenye duka ndiye atakayeonekana ghali.